Kipimo cha ugumu wa ini: Namba isimtishe mzazi, wala isimbembeleze alale

Mzazi mmoja anakwenda kuchangia damu kwa ajili ya ndugu aliyelazwa, anaambiwa damu yake ina kirusi cha homa ya ini aina ya B. Mwingine anaipata habari hiyo kliniki ya wajawazito. Wa tatu hana kirusi chochote, ila ana kisukari na kitambi, na altrasaundi ya tumbo imeonyesha mafuta kwenye ini. Wote watatu wanaweza kujikuta na karatasi ya rufaa inayowataka wakapimwe ugumu wa ini.

Hapo ndipo wengi hupotea. Kuna aliyesikia kwa jirani kwamba ini hupimwa kwa sindano ndefu ya ubavuni, akaamua ni heri asijue. Kuna asiyejisikia kuumwa popote, akaona safari ya hospitali kubwa ni kupoteza nauli. Kuna pia anayepimwa, anapewa namba ndogo, anashangilia na hakanyagi tena kliniki. Makosa hayo yote yanaweza kuigharimu familia baba au mama, wakati kipimo chenyewe hakiumi na humalizika kwa dakika chache.

Kwa nini ini hukakamaa

Anayenunua maini buchani anajua kwamba ini lenye afya ni laini. Ini la binadamu nalo liko hivyo. Linapoumizwa mara kwa mara, iwe na kirusi, pombe au mafuta yaliyojazana ndani yake, hujitibu lenyewe kwa kuweka kovu, kama ngozi inavyofanya baada ya kidonda. Kovu moja si tatizo. Tatizo ni makovu ya miaka kumi au ishirini yanayoungana, mpaka kiungo kilichokuwa laini kinakuwa kigumu na chenye mabonde na vinundu. Hatua hiyo ya mwisho madaktari huiita sirosisi.

Safari hiyo ni ya kimyakimya. Ndani ya ini hamna hisia ya maumivu, na ini lina akiba kubwa ya nguvu. Mtu anaweza kulima, kuendesha bodaboda na kulea watoto huku makovu yakizidi. Macho yanapokuwa ya manjano, tumbo linapojaa maji au mtu anapotapika damu, mara nyingi muda mwingi umekwisha kupita.

Vipimo vilivyozoeleka navyo havitoshi peke yake. Kipimo cha damu cha vimeng'enya vya ini huonyesha kama ini linaumia sasa, lakini hakihesabu makovu ya miaka iliyopita. Altrasaundi ya kawaida huonyesha umbo la ini na uvimbe kama upo, lakini ini lenye makovu ya kati laweza kuonekana la kawaida kabisa kwenye picha. Kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa "altrasaundi iko sawa" na bado akawa na safari ndefu nyuma yake.

Kwa miaka mingi njia ya uhakika ilikuwa kuchukua kinyama kwa sindano na kukitazama kwa hadubini. Mjerumani Paul Ehrlich anatajwa kuwa wa kwanza kuchoma ini kwa lengo hilo, mwaka 1883. Njia hiyo bado ina kazi yake pale ambapo chanzo cha ugonjwa hakijulikani. Lakini huuma, mara chache husababisha kutokwa damu ndani, na kinyama chenyewe ni takribani sehemu moja tu ya 50,000 ya ini zima. Sindano ikiangukia penye makovu machache, jibu linapotosha.

Mtikisiko kwenye kamba ya nguo

Kila anayenunua parachichi sokoni hulibonyeza kwanza. Madaktari nao, tangu zamani, wamelibonyeza tumbo la mgonjwa chini ya mbavu za kulia kutafuta ini gumu. Shida ya kidole ni kwamba hakitoi namba, na sehemu kubwa ya ini imejificha nyuma ya mbavu.

Mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake huko Houston, Marekani, walieleza jinsi altrasaundi inavyoweza kufanya kazi ya kidole hicho. Wakaiita elastografia. Mwaka 2003 Laurent Sandrin na wenzake huko Paris, Ufaransa, walichapisha njia iliyolenga ini moja kwa moja, na mashine yake, FibroScan, ndiyo inayojulikana zaidi leo. Zipo pia mashine kubwa za altrasaundi zenye uwezo wa kupima ugumu pamoja na kuonyesha picha.

Kuelewa inavyofanya kazi, itazamwe kamba ya kuanikia nguo. Kamba iliyolegea ikipigwa kwa kidole upande mmoja, mtikisiko hujikokota kwenda upande wa pili. Kamba iliyokazwa, mtikisiko hukimbia. Ini nalo ni hivyo. Mashine hulipa ini mguso mdogo kupitia ngozi, kama kugongwa kwa ncha ya kidole. Mguso huo huanzisha wimbi linalosafiri ndani ya ini. Wakati huohuo mashine hutuma sauti ya altrasaundi, ambayo hupita mwilini kwa takribani mita 1,540 kwa sekunde, kwenda kulitazama wimbi hilo likipita na kupima mwendo wake.

Katika ini laini, wimbi hutembea kwa mita 1.3 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Katika ini lililokakamaa sana laweza kufika mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu aliye kwenye mchakamchaka. Kutokana na mwendo huo mashine hukokotoa ugumu na kuuandika kwa kizio kiitwacho kilopaskali, ambacho kwenye karatasi ya majibu huonekana kama kPa.

Sehemu ya ini inayopimwa kwa njia hii ni kubwa takribani mara 100 kuliko kinyama cha sindano. Hakuna kukatwa wala kuchomwa, na hakuna mionzi.

Siku ya kipimo

Mgonjwa hutakiwa asile chochote kwa angalau saa tatu kabla ya kupimwa. Sharti hili wengi hulidharau, hasa wanaotoka mbali na kununua chai na maandazi stendi. Chakula huongeza damu inayopita kwenye ini, ini hujaa, na namba hupanda bila kovu lolote kuongezeka. Aliyekula aseme. Ni bora kusubiri kwenye benchi kuliko kurudi nyumbani na namba ya uongo.

Hulala chali, mkono wa kulia ukiwa nyuma ya kichwa ili mbavu zipanuke. Hupakwa jeli ileile ya altrasaundi ya wajawazito, kisha mtoa huduma huweka kidude cha mashine katikati ya mbavu za kulia. Mguso hurudiwa mpaka vipatikane vipimo halali 10, na jibu ni kile cha katikati. Kazi yote huchukua kama dakika tano hadi kumi.

Mambo matatu yasemwe mapema: kama mgonjwa ni mjamzito, kama ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, na kama tumbo limejaa maji. Maji tumboni huzuia wimbi kufika kwenye ini kwa aina hii ya mashine. Watu wanene huhitaji kidude maalumu kinachofika ndani zaidi. Watoto nao wanaweza kupimwa. Vipo vidude vidogo vinavyochaguliwa kwa kupima mzunguko wa kifua cha mtoto. Kwa kuwa haliumi, zoezi hili ni rahisi kwa mtoto kuliko hata kutolewa damu.

Namba inasema nini

Ini la mtu mzima lisilo na tatizo mara nyingi husoma kwenye kilopaskali 5 hivi, juu kidogo au chini kidogo. Kwa watu wazima wenye homa ya ini B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2024 unasema namba inayozidi 7 inaashiria makovu ya kutosha kuanza dawa, na inayozidi 12.5 inaashiria sirosisi.

Mipaka hiyo si ya kila ugonjwa. Mwenye mafuta kwenye ini, mnywaji pombe na mwenye homa ya ini C husomwa kwa mipaka tofauti kidogo. Kwa sababu hiyo, namba ya mtu mmoja haiwezi kulinganishwa na ya jirani, na karatasi isiyo na jina la ugonjwa haielezi mengi.

Karatasi pia hubeba namba ya pili, inayoonyesha vipimo vile 10 vilitofautiana kiasi gani. Tofauti hiyo ikizidi asilimia 30 ya jibu, kipimo hakiaminiki vizuri na kinafaa kurudiwa. Baadhi ya mashine huongeza namba ya tatu, ya kiasi cha mafuta ndani ya ini. Hiyo haina uhusiano na makovu moja kwa moja, na wapo wanaozichanganya mbili hizi wakapata hofu ya bure.

Inapopanda bila kovu

Mashine hupima ugumu tu. Kwa nini ini ni gumu, hilo si kazi yake. Ukiacha chakula, yapo mambo mengine yanayoipandisha namba.

La kwanza ni ini linalowaka kwa sasa. Homa ya ini inapochachamaa na vimeng'enya vikapanda sana, ini huvimba na kukaza. Daktari makini husubiri litulie, kisha hupima upya. La pili ni moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, ikarudi nyuma na kujaa kwenye ini. La tatu ni nyongo iliyoziba. La nne ni pombe nyingi ya siku za karibuni. Mtu akiacha kunywa kwa wiki kadhaa, namba yake huweza kushuka.

Kuna pia udanganyifu wa upande wa pili. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanaujua kichocho cha tumbo. Minyoo yake huacha makovu kuzunguka mishipa ya damu ya ini, wakati nyama ya ini yenyewe inaweza kubaki laini kiasi. Mtu wa namna hiyo anaweza kusoma namba isiyotisha huku mshipa mkuu wa ini ukiwa na shinikizo la kumtapisha damu. Aliyekulia kando ya ziwa, akiogelea na kuvua tangu utotoni, amwambie daktari.

Kwa hiyo namba moja iliyopanda si hukumu. Hupimwa pamoja na damu, altrasaundi ya kawaida na historia ya mgonjwa. Anayeiona namba 14 kwenye simu yake usiku asikimbilie kuuza shamba wala kununua chupa za dawa ya "kusafisha ini". Ini haliogeshwi, na baadhi ya michanganyiko hiyo huliumiza zaidi.

Pasipo na mashine

Mashine hizi hazipo kila wilaya. Hata hivyo mwenye homa ya ini B aliye mbali na jiji hajaachwa njia panda. WHO inakubali hesabu iitwayo APRI, inayotumia vipimo viwili vya damu ambavyo hospitali nyingi za wilaya zinaweza kuvifanya: kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani.

Hesabu yenyewe ni hivi. AST ya mgonjwa hugawanywa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu. Mgonjwa mwenye AST 60, maabara ikiwa na kikomo cha 40, na chembe sahani 250,000, hupata 60 gawanya kwa 40, yaani 1.5, mara 100 ni 150, gawanya kwa 250 ni 0.6. Kwa mwongozo wa 2024, jibu linalozidi 0.5 kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B linaashiria makovu ya kutosha kuanza matibabu, na linalozidi 1 linaashiria sirosisi.

Hesabu hii ni ya kukadiria kuliko mashine, na hufanywa na mtoa huduma. Lakini inampa mzazi wa kijijini hoja ya kumwambia daktari wake: "Wakati nasubiri rufaa, je, APRI yangu ni ngapi?"

Namba ndogo si cheti cha kupona

Habari ambayo wengi hawaifikishiwi ni kwamba ini likipumzishwa linaweza kulainika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la The Lancet uliwafuatilia wagonjwa wa homa ya ini B waliotumia dawa ya tenofovir kwa miaka mitano, na vinyama vya ini vikachukuliwa mwanzo na mwisho. Kati ya 96 waliokuwa na sirosisi mwanzoni, 71 hawakuwa nayo tena. Dawa hiyo ni kidonge kimoja kwa siku. Haifuti kirusi, lakini hukifunga mikono, na ini hupata nafasi ya kujirekebisha.

Kwa mwenye mafuta kwenye ini, dawa ya kwanza ni kupunguza uzito taratibu, kupunguza soda na vyakula vya kukaangwa, kutembea, na kudhibiti sukari. Kwa mnywaji, ni kuacha. Kwa wote, mahindi na karanga zilizoota ukungu zisifike jikoni, kwa sababu sumukuvu yake na kirusi cha homa ya ini B kwa pamoja huongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Hapo ndipo namba ndogo inapoweza kumlaza mzazi. Mwenye homa ya ini B anaweza kupata saratani ya ini hata bila sirosisi. Kirusi kilicholala leo kinaweza kuamka baada ya miaka. Aliyepimwa akapata 5 anapaswa kurudi kwa ratiba atakayopangiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi kadhaa kwa damu, na kupimwa ugumu tena daktari atakapoona inafaa. Na anayetumia dawa asiziache kwa sababu namba imeshuka. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa; akiziacha ghafla bila ushauri, homa ya ini inaweza kurudi kwa kishindo na kumuua.

Nyumbani, kwa mwenza na watoto

Kipimo cha ini la mzazi mmoja ni habari ya nyumba nzima. Kirusi cha homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hakiambukizwi kwa kula sahani moja, kunywea kikombe kimoja, kukumbatiana wala kumpakata mtoto. Mama anayetengewa kijiko chake ananyanyaswa bure. Vitu vya kutenganisha ni wembe, mashine ya kunyolea, mswaki na kikata kucha.

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002, na leo hutolewa ndani ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake ni kwamba wazazi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Wengi wao walio na kirusi walikipata wakiwa wadogo bila kujua, kwa hiyo habari hiyo ikitoka kwa mmoja wa wanandoa, isigeuzwe ushahidi wa usaliti. Mwenza apimwe, watoto wote wapimwe, na wasio na kirusi wachanjwe.

Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kubaki na kirusi maisha yake yote, wakati kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Kwa sababu hiyo WHO inashauri mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, bila kusubiri wiki ya 6. Mama mjamzito aliyeambiwa ana kirusi aulize kliniki mapema dozi hiyo itapatikana wapi, na kama wingi wa virusi vyake unahitaji atumie tenofovir kumkinga mtoto. Kunyonyesha hakukatazwi.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Mzazi anayepewa jibu la kipimo hiki asiridhike na neno "kawaida" au "si kawaida." Aulize haya, na majibu ayaandike:

Namba yangu ni ngapi, na kwa ugonjwa wangu ina maana gani? Vipimo vilitofautiana kwa kiasi gani? Vimeng'enya vyangu vilikuwaje siku hiyo? Je, kuna kitu kingine kinachoweza kuwa kimeipandisha? Natakiwa kuanza dawa sasa, au kufuatiliwa? Nirudi lini?

Karatasi ya leo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Baada ya mwaka mmoja au miwili, daktari atataka kuiona, kwa sababu kinachomsaidia zaidi ni kujua ini hili lilikuwa wapi na linaelekea wapi.